Orodha ya Chujio

Kule posta, katika chumba cha kuchambulia barua, mke wa Mjalidi wenzake kazini walimwita Chujio, wala hawakumsingizia. Bahasha isiyo na jina la mtumaji aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama soksi ya mtu mwingine. Basi macho ya mumewe yalipoingia ukungu, akaacha kujalidi vitabu, na kompyuta ikaanza kumsomea barua pepe kwa sauti, Chujio hakuvumilia nyumba yake kutangaziwa bahati nasibu tangu asubuhi.

"Mume wangu, huyu mke mwenza uliyeniletea ana maneno mengi mno," alisema, maana ndivyo alivyoiita ile sauti. Akaketi, akafungua mipangilio, akaandika orodha ya watumaji salama: mapokezi ya hospitali ya macho, watoto wao wawili, wifi yake, na yeye mwenyewe. Wengine wote wakaelekezwa kwenye barua taka. "Sasa asiye kwenye orodha haingii."

Na kweli hakuingia mtu. Hospitali ilikuwa imeahidi kumwita Mjalidi siku utando wa jicho wa kumpandikiza utakapopatikana, na miezi saba ilikuwa imekatika bila neno. Mjalidi hakulalamika. Alalamike vipi, mtu anayetiliwa dawa asubuhi na jioni na mkono usiochoka? Ila mchana, mkewe akiwa kazini, kimya kilimwelemea. Kila siku saa sita kamili iliingia barua moja tu, ya Chujio: "Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kushoto. Dawa ya mchana usisahau." Sauti ikaisoma kavukavu, kama tangazo la kituoni, basi.

Ndipo kwa siri akajifunza vitufe vya kufungulia barua taka. Huko alipata wenzake wa mchana: mjane mwenye mali anayetafuta mrithi, muuza dawa ya upara, na mtu aliyedai walisoma pamoja. Aliwacheka mpaka akatafuta leso.

Alhamisi moja Chujio alirudi mapema, saa tisa na robo. Mjalidi, kwa raha aliyokuwa nayo, akajisahau.

"Leo wamenipata kwelikweli," alisema. "Eti, 'Hongera, nafasi yako imepatikana. Thibitisha leo kabla ya saa kumi, la sivyo atapewa mwingine.' Na namba ya bahati nimepewa! Sifuri, nne, nne, saba, moja, tisa. Matapeli wa siku hizi wana haraka!"

Hakusikia kicheko. Alisikia zipu ya pochi, kisha kadi ngumu ya hospitali ikigonga meza.

"Hebu rudia hiyo namba."

Akarudia.

"Mungu wangu! Hii ni namba ya faili lako. Nani kaandika?"

"Kitengo cha uratibu, sijui cha nini."

Kilikuwa cha hospitali ileile, ofisi nyingine, anwani nyingine. Chujio hakubonyeza chochote ndani ya barua. Hata kwenye hofu Chujio ni Chujio. Alipiga namba iliyochapwa kwenye kadi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mjalidi alizisikia pumzi zake, akaogopa kuuliza ni saa ngapi. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, mtu akapokea.

"Ndiyo, mama, tulikuwa tunawasubiri. Mlete kesho asubuhi."

Chujio aliweka simu chini, akaangua kilio. "Nisamehe. Nilitaka kukupofusha kwa mikono yangu mwenyewe."

"Mikono ipi? Hii iliyonitilia dawa miezi saba? Mke wangu, mimi kwako nina shukrani tu. Cha kusamehe sikioni."

"Na kwenye barua taka ulifikaje?"

"Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Huko nimepata hata mjane mwenye mali."

Chujio akacheka huku machozi yanamtoka. Kabla hata ya kupanga nguo za hospitali, aliongeza kitengo cha uratibu kwenye orodha, akaahidi kwamba kila jioni wangekagua barua taka pamoja. "Na huyo mjane wako nimjue."

Baada ya miezi miwili daktari alimruhusu Mjalidi kusoma kidogo. Aliomba kompyuta, akaizima ile sauti, akafungua barua moja ya zamani ya saa sita. Herufi zilichezacheza, kisha zikatulia. Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kushoto. Alisoma polepole, na safari hii aliyesema kichwani mwake alikuwa mkewe, na ukali wake wote na huruma yake yote. Akafungua ya siku iliyofuata, na iliyofuata. Zilikuwa zaidi ya mia, hakuna siku ya kazi aliyoruka.

"Unalia nini tena? Jicho bado bichi hilo!"

"Miezi yote ile nilidhani ni matangazo," alisema Mjalidi. "Kumbe ulikuwa unaniandikia barua."