Mpaka Vidole Visomeke

"Kipara," mama mtu alikuwa anasema.

"Namba mbili, mama, zibaki fupi tu, hata mwalimu wa zamu hawezi kuona—"

"Kipara nimesema, barua ya shule imeandikwa—"

"—maana anavaa miwani ya kuazima—"

"—imeandikwa kipara na mhuri juu, na wewe ukae hapo kabla sijakukalisha."

Mimi nimesimama katikati yao, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi, kama refa aliyepoteza filimbi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Shule inafunguliwa siku hiyohiyo, wanafunzi waripoti saa nane mchana, na muhula huu tena, kama uliopita, mkuu wa shule hataki kuona unywele. Mama mtu ni mfuaji wa mashuka hospitali. Alikuja na sare yake ya bluu, mikono bado inanukia sabuni, ameomba ruhusa ya saa moja tu, na robo ya saa hiyo ilishaliwa na ubishi. Mwanawe ana miaka kumi na minne. Ni mtoto mtaratibu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza namsikia akibishana na mama yake.

Kwenye benchi, akisubiri zamu yake, alikaa rafiki yake wanayemwita Goti, kwa sababu mwaka jana alirefuka ghafla na magoti yakawahi kufika kabla yake. Yeye hakuwa na wasiwasi na kipara. Alikuwa anacheka chinichini, kama mtu anayeijua picha mwisho wake.

"Anaogopa kuzinduliwa huyo," akasema.

Na mimi nikacheka. Ngoja nieleze kwa nini.

Kuzindua nilikuanzisha mimi. Nilipofungua kibanda hiki, baada ya mimi na chuo kuachana mwaka wa tatu bila kuagana, sikuwa na wateja, sikuwa na muziki, nilikuwa na kioo kimoja chenye ufa. Nikaona angalau niwe na mbwembwe. Kila niliyemnyoa kipara, kabla hajashuka kitini, namtandika kofi moja la utosini, paa, na kutangaza kwamba kichwa kimezinduliwa rasmi. Watu wazima walikufa kwa kicheko. Wengine walileta mashemeji zao ili tu wawaone wakipigwa. Watoto wakakibeba kitu kile mpaka shuleni, na nilipopata habari nilijisikia kama mtu aliyetunga wimbo akausikia redioni.

Basi mama akashinda, kama kawaida ya mama. Mtoto akakaa, nikamfunga shuka shingoni, nikaanzia mbele kurudi nyuma. Nilipofika upande wa kushoto nikamuuliza mwaka huu yuko kidato gani. Kimya. Nikauliza tena. Anaangalia kioo tu. Nikajua kaninunia, na mtu akininunia mimi ndipo akili ya utundu inapoamka. Nikazima mashine, nikainama kwenye sikio lile la kushoto na kumnong'oneza kwamba naona chawa mmoja mkubwa, ana mkoba, nadhani anahama.

Hakuna mtoto wa miaka kumi na minne asiyecheka hapo, au asiyekasirika. Huyu hakupepesa hata jicho.

Nikazunguka kulia, nikanong'ona vilevile, sauti ileile. Akaruka kitini. "Anko, chawa gani tena?"

Nikamuuliza, sasa kwa upande ule wa kulia, sikio lile lina nini. Akasema halina kitu. Nikamwambia asinidanganye. Akasema linavuma tu, kama friji, tangu muhula uliopita, mtu unazoea.

Goti ndiye aliyejaza mengine, na alijaza bila hila yoyote, kama anamweleza mgeni njia. Shuleni kuzindua kuna sheria yake. Wenzako wanapanga foleni bombani, kila mmoja anakupiga kofi moja, mpaka vidole vitano visomeke kichwani kama vimechorwa. Vikisomeka, basi, imekwisha, hakuna anayekugusa tena muhula mzima. Yeye ni maji ya kunde, vyake vilisomeka kwenye kofi la pili. Ila mwenzake huyu ni mweusi tii, havitokei upesi. Ilibidi kumi na tisa. La kumi na saba liliteleza, likatua sikioni.

"La nani?" nikauliza.

"Langu," Goti akasema. "Lakini tulikuwa tunacheza. Muulize mwenyewe."

Mwenyewe akaitikia kwa kichwa, nusu kina nywele, nusu kinang'aa. "Hakunipiga. Tulikuwa tunacheza."

"Makofi kumi na tisa ni mchezo?"

"Anko, ukinuna ndiyo umepigwa. Ukicheka, mmecheza." Akaifuta shingo. "Mimi nilicheka sana."

Nikakitazama kiganja changu.

Mama mtu aliinuka kwenye stuli, akaja akasimama upande wa kushoto wa mwanawe, nyuma kidogo, mahali ambapo kioo hakimfikii kwa sababu ya ule ufa. Akamwita jina lake, polepole, vile unavyomwita mtoto aliyelala. Hakugeuka. Akamwita tena. Goti akafungua mdomo amwambie mwenzake anaitwa, nikamkataza kwa macho.

Kisha mama akazunguka mbele, akachuchumaa ili waonane. "Nimekuchapa mara ngapi mwaka huu kwa kutoitika?"

"Mara tatu."

"Mbona hukusema husikii?"

"Ulikuwa umechoka, umetoka kazini." Alisema kama anamtetea. "Halafu ya kwako si kupigwa, mama. Ni kufundishwa."

Mama akakaa chini kabisa, sakafuni, kwenye nywele za watu, na sare yake ya bluu. Baadaye akasema ataenda kwa mkuu wa shule sasa hivi, kazi ipotee kama inataka kupotea. Mtoto akamwomba asiende. Hakulia, alieleza tu, taratibu: mama akienda, wale wote wataitwa ofisini, watachapwa viboko kwa ajili yake, na wakitoka pale itakuwa si mchezo tena. Goti akakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa. Akasema yeye mwenyewe hatamgusa, anaapa, lakini foleni ina watu wengi na yeye hana ubavu wa kuizuia. Alikuwa ameacha kucheka. Nadhani alikuwa anahesabu.

Nikapendekeza nimwache na namba mbili. Mama akasema atarudishwa getini. Nikapendekeza akae nyumbani leo. Mtoto akasema akija kesho foleni itakuwa ndefu zaidi, maana watakuwa wamemsubiri. Kila mlango niliofungua, alikuwa ameshapita na kuona ulikoishia. Miaka kumi na minne. Mimi nilikaa chuoni mpaka mwaka wa tatu nikisoma jinsi watu wanavyoishi pamoja.

Kichwa cha nusu hakiendi popote. Nikamalizia. Nilinyoa kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kunyoa bwana harusi, nikapitisha spiriti, nikafuta. Kiling'aa, cheusi, kizuri, hakina hata kovu. Nilipomfungua shuka nililishika kwa mikono yote miwili, ili hata mwenyewe nisije nikasahau nikamtandika la utosini.

Hakushuka. Akaangalia saa ya ukutani, akajipapasa utosini mpaka akapata sehemu aliyoitaka, juu kabisa, mbali na masikio yote mawili. Akaweka kidole pale.

"Anko, mkono wako ni mkubwa," akasema. "Nizindue wewe. Hapa. Kwa nguvu, ili mpaka saa nane vidole viwe bado vinasomeka."