Kijito Jikoni kwa Liew Sam Moi

Siku ya kumi na tatu ya mwezi wa nne, saa mbili asubuhi, wanawake kumi na tisa walikuwa wameinama kijitoni, kiwanja namba sabini na saba, nje kidogo ya mji wa Gopeng, bonde la Kinta. Maji yaliwafika magotini, nao walikuwa wakizungusha masinia yao ya mbao. Sinia likizungushwa na mtu anayejua, mchanga mweupe hutoka na maji, na mchanga mweusi wa bati hubaki chini kama ukoko. Kwa amri ya serikali ya Mwingereza kazi hiyo ilikuwa ya wanawake tu, na kila mmoja alikuwa na kibali chenye jina lake, picha yake na namba ya kiwanja. Liew Sam Moi alikuwa na chake mwaka wa kumi na mmoja. Alikuwa mjane, tena mkaidi, na kibali hicho ndicho kilichokuwa kikimlisha. Alikitunza ndani ya kopo la biskuti pamoja na picha ya marehemu mumewe, kibali kikiwa juu.

Mkaguzi wa migodi, Bwana Entwistle, alifika na viatu miguuni. Karani wake Foong, Mchina wa Kantoni, mpole mwenye miwani, aliviacha vyake ukingoni. Alimweleza mkubwa wake kwa adabu kwamba mahali pa bati mtu haingii na viatu wala hafungui mwavuli, kwa kuwa bati lina mwenyewe, na mwenyewe ana hasira za karibu. Bwana Entwistle alijibu kwamba sheria ya migodi ina kurasa mia moja na arobaini na hakuna hata moja inayotaja mwavuli. Manyunyu yakaanza. Foong akamwambia tena. Bwana Entwistle akafungua mwavuli.

Kijito kikasimama. Kisha kikapanda ukingo na kushika njia ya kijijini.

Wanawake walibaki kwenye mchanga mbichi na masinia yao mikononi. Hakuna aliyeuliza kulikoni, maana katika bonde la Kinta hilo ni jambo ambalo mtu hulijua kabla ya kuota meno. Aliyesema neno ni Chong Ah Kiew, shoga yake Sam Moi tangu waliposhuka meli moja.

"Si kingengoja basi nimalize hili sinia."

Kijito kilipita mbele ya duka la kahawa, kikangoja mkokoteni wa ng'ombe upite, kikaingia jikoni kwa Sam Moi kwa mlango wa nyuma na kutokea wa mbele. Watu walitafuta sababu. Wengine walisema ni ule ubani aliokuwa akiuchoma kila asubuhi kwenye kibanda chekundu cha mzimu mwenyeji wa ardhi. Ah Kiew alisema ni kwa sababu mwenye nyumba hana tabia ya kufunga milango. Sam Moi mwenyewe hakuwa na nafasi ya kutafuta sababu. Alipandisha mafiga juu ya matofali, akainua kitanda juu ya magogo manne, akamtoa samaki aliyejilaza ndani ya sufuria ya wali. Alipoosha mchele, alikuta chini ya sufuria bati zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Alifurahi mno. Miaka kumi na mmoja mgongo wake ulikuwa ukienda kwa kijito, na sasa kijito kimekuja kwa mgongo. Kwa siku tatu wenzake walivua mitalawanda yao mlangoni, wakajipanga kutoka jikoni mpaka kitandani, wakazungusha masinia huku uji wa mchele ukitokota pembeni. Ah Kiew alianza kumwita Tajiri wa Mgodi na kumwomba kazi kila alipopita na kuni.

Siku ya nne Bwana Entwistle alisimama mlangoni, maji yakimpita juu ya viatu. Alifungua kitabu chake, akatafuta, akakuta kwamba kijito kuwamo jikoni si kosa. Kosa lilikuwa kuosha bati kiwanja namba mia moja na kumi na mbili, ndicho cha nyumba hii, kwa vibali vya kiwanja sabini na saba.

"Shangazi," Foong alimtafsiria, "anasema kibali chako ni cha sabini na saba."

"Mwambie kijito ni kilekile na mimi ni yuleyule," Sam Moi alisema. "Yaliyohama ni maji, na aliyeyahamisha ni yeye."

Foong alitafsiri mawili ya kwanza, la tatu akalimeza.

Bwana Entwistle alieleza kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kwamba mkondo wowote wa maji ni mali ya serikali. Sakafu ya jiko hili sasa ni mkondo wa maji. Kwa hiyo sakafu ni ya serikali, na serikali imekwisha kuikodisha kwa kampuni moja ya Wazungu tangu Jumatatu, maana mkataba uliandikwa kwa jina la kijito, popote kilipo. Paa lilibaki la Sam Moi. Utoaji wa vibali vipya vya mwaka huo ulikuwa umefungwa. Vya zamani vingeendelea kutumika, ila mwenye kibali akikaa siku thelathini bila kufanya kazi kiwanjani kwake, kinafutwa.

Sam Moi alihamia kwa Ah Kiew na kopo lake la biskuti. Usingizi ulimpaa. Mezani alikaa na kijiko mkononi bila kula, akiwaza jiko lake, mpaka siku ya tano ya kukaa huko alipomuuliza Ah Kiew kama mwavuli wake wa karatasi iliyopakwa mafuta bado upo.

"Dada wa Tatu," Ah Kiew alisema, kama alivyozoea kumwita, "wewe? Ufungue mwavuli kwenye bati?"

"Nikiufungua kitachukia, kitarudi kilikotoka. Na sisi tutakuwa na vibali vyetu."

"Na kikihamia hapa kwangu?"

"Utapandisha mafiga. Nitakuonyesha."

Aliuficha ndani ya mzigo wa kuni, akaenda kwake. Hakuwahi kufanya jambo baya kama hilo maishani. Alipofika aliona kwanza viatu. Vilikuwa vya Bwana Entwistle, vimepangwa sawasawa kwenye ngazi, soksi zimekunjwa ndani. Mlinzi wa kampuni, Kalasinga mmoja aitwaye Kartar, alikuwa pekupeku. Mlangoni palikuwa na ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe, na Foong alikuwa amechuchumaa mbele yake na brashi, akimalizia mstari wa mwisho wa maandishi ya Kichina. Ulisema kwamba kwa agizo la ofisi, ni marufuku kuingia mahali hapa na viatu au mwavuli.

Sam Moi aliusoma ubao mara mbili.

"Nilimwambia mara mbili, shangazi," Foong alisema bila kuinua macho. "Sasa ameelewa."

Kartar aliupekua mzigo wa kuni, akautoa mwavuli, akauegemeza ukutani pamoja na mingine. Sam Moi akaomba basi apewe sufuria yake ya wali. Mlinzi aliingia akamletea, ila kwanza aliikung'uta kwenye ndoo ya kampuni.

Tangu hapo, kila asubuhi, wanawake kumi na tisa huvua mitalawanda yao ukingoni mwa kiwanja namba sabini na saba, hushuka kwenye mchanga mkavu, huinama na kuzungusha masinia ili vibali visifutwe. Vumbi hutoka, na chini hakibaki kitu. Hufanya hivyo kwa zamu mbili, na Ah Kiew hulalamika kwamba mchanga mkavu unaumiza mikono kuliko maji. Saa mbaya zaidi kwa Sam Moi ni za kupika, anapoona moshi wa chai ya kampuni ukitoka kwenye paa lake.

Alhamisi Bwana Entwistle huja kuhakikisha kwamba kazi inafanyika. Huja na viatu. Mvua ikinyesha huwa nafuu kidogo, kwa kuwa masinia hupata maji, naye hufungua mwavuli na Foong hamkatazi. Pale hakuna tena wa kukasirika ila wao kumi na tisa, na wao sheria haiwataji.

"Liew Sam Moi," husoma.

"Nipo," hujibu Sam Moi, na Bwana Entwistle huweka alama.