Watoto: Hakuna

Chumba alichopata Bertila pale Majengo kilikuwa cha tisa kuoneshwa na dalali Elia. Vile vinane vya kwanza alinyimwa kwa sababu moja: wenye nyumba walimtazama Zita, binti yake wa miaka sita, wakasema watoto wanachafua kuta. Elia alikuwa amechoka kuchoma mafuta ya pikipiki bure. Safari hii alimwambia Bertila amwache mtoto getini, na akiulizwa aseme hana. Bertila na mwanaye walikuwa wamelala wiki mbili kwenye fremu ya duka anayoshonea nguo, sakafuni, na baridi ya Juni ya Sumbawanga haina huruma na kifua cha mtoto. Akakubali.

Mwenye nyumba, mzee Maximilian, alikuwa mstaafu mpole mwenye sweta la kijivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una mtoto?"

"Sina."

Mzee akaandika kwenye mkataba, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani: Watoto: hakuna. Bertila akasaini, akalipa kodi ya miezi sita, akapewa ufunguo.

Getini Elia alikuwa anawasha pikipiki. "Yule mtoto umemwacha kwa nani?" aliuliza. Zita alikuwa amesimama katikati yao, kandambili mkononi, anamtazama mama yake. Bertila akajibu kwamba amemwacha dukani kwa jirani. Elia akaondoka zake.

Wiki ya kwanza ni watu wa nje tu ambao hawakumwona. Muuza maandazi alimrudishia Bertila chenji kwa kupitisha mkono juu ya kichwa cha Zita. Wiki ya pili sauti ya mtoto ilianza kukatika katikati ya maneno, kisha ikaisha. Wiki ya tatu Bertila aliamka asubuhi akakuta blanketi limeinuka ubavuni mwake, na alipolifunua hakuona kitu. Akapapasa. Zita alikuwepo, ana joto lake la kila siku, na kwenye kidole gumba cha kulia kulikuwa na lile kovu la pasi ya mkaa. Bertila aliogopa, akampapasa tena kuanzia kichwani. Kisha akakoroga uji wa ulezi, maana mtoto alikuwa hajala, na kikombe kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha.

Nguo za Zita alizianika ndani. Siku ya pili yake Rosina, wa chumba cha jirani, akamgongea.

"Mama, anika nje na wewe. Zitanuka uvundo. Mzee hazioni."

Bertila akatoka na beseni lake. Kwenye kamba ya uani zilikuwa zinapepea sare za shule za saizi nne, na soksi ndogo nyingi. Tangu ahamie pale hakuwa amemwona mtoto hata mmoja.

"Wangu ana miaka tisa sasa, nadhani," alisema Rosina. "Mariana pale mwisho ana mapacha."

"Wanarudi lakini?"

"Ukihama wanarudi. Wanasema sauti ndiyo inatangulia."

"Nani alihama akarudishiwa?"

Rosina alifikiri huku akikamua gauni. "Hapa hajahama mtu," alisema. "Uhamie wapi na mtoto?"

Bertila alipokwenda kumwandikisha Zita shule, mwalimu alitazama nafasi tupu pembeni yake, akauliza kama wanakaa kwa mzee Maximilian. Akasema dawati la nyuma lina nafasi, akae na wenzake. Basi, mambo yakaisha hapo.

Jioni watoto walicheza uani. Ungeona vumbi linatimka na mpira wa matambara unakwenda na kurudi, kimya. Ikifika saa kumi na mbili akina mama walisimama milangoni, kila mmoja amenyoosha mkono, wakisubiri. Bertila naye alisubiri, akihesabu moyoni, na kiganja kikiingia kwenye chake alipapasa kidole gumba kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kovu likiwepo, alipumua. Kwa miezi sita hakukosa hata siku moja, na hata siku moja hofu haikupungua.

Desemba mkataba uliisha. Jioni hiyo mzee Maximilian alivuka uani na karatasi mbili, moja ya Bertila ya kusaini upya, nyingine ya mwanamke mgeni aliyeletwa na Elia. Mwanamke yule alikuwa anageukageuka kutazama getini.

"Nyumba hii ni tulivu sana," mzee alimwambia. "Haina watoto."

Bertila alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha. Kiganja kikaingia. Akapapasa kidole gumba, kilikuwa laini, hakina kovu. Akapapasa cha mkono wa pili, nacho laini. Alitaka kuita, lakini mzee alikuwa hatua tatu tu mbele yake, ameshamnyooshea kalamu. Huku na huku uani milango ilikuwa inafungwa, mmoja baada ya mwingine.

Akasaini. Akakiingiza ndani kile kiganja kigeni, akakinawisha, akakipa uji, maana mtoto ni mtoto na huyu alikuwa na njaa. Kisha akabandika sikio kwenye ukuta wa Rosina, akasikiliza kama na kule kuna kijiko kinagonga kikombe.