Wikendi ya Baiskeli na Rumba

Tangu mama yake azikwe kwao Bukavu, Kongo, bila yeye kuwapo, Antoinette alikuwa akitoka kazini saluni jioni na kwenda moja kwa moja kitandani. Mumewe, Serge, aliomba ruhusa kwenye ghala alilofanya kazi kule Clairwood, akaijaza shughuli wikendi nzima ya Julai ili huzuni ikose nafasi.

Jumamosi walikodi baiskeli, wakaendesha kandokando ya ufuo kutoka mtaa wa Point huku upepo wa baridi ukiwachoma masikio. Mchana wakapanda kilima msituni. Jumapili, baada ya kanisa, Serge akamvuta tena mkewe hadi kwenye tamasha la muziki bustanini.

"Serge, unanikimbiza kama mwizi," Antoinette alilalamika, akijifunika blanketi kwenye nyasi.

"Ukikaa utawaza, chérie."

Bendi ya Wakongo ikapanda jukwaani. Gitaa lilipoanza rumba ya taratibu, Antoinette akaangua kilio. Serge akaanza kukusanya vitu vyao haraka.

"Twende. Iko muziki mwingine kule ufuoni."

"Hapana, kaa. Mama alikuwa anacheza hivi jikoni, mwiko mkononi. Acha nilie. Nyumbani ninajificha bafuni kwa sababu wewe unaogopa machozi yangu."

Serge akakaa. Ni kweli aliogopa, kwa kuwa hakujua la kumwambia. Akauliza tu, "Alikuwa anapika nini?"

Antoinette akapangusa pua, akaanza kusimulia: sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, ugomvi wa mama na majirani. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, naye bado anasimulia, mara analia, mara anacheka. Kisha akasimama mwenyewe, akamnyooshea Serge mkono, wakacheza wakiwa wamevaa makoti yao.