Hedi Iliyokataa Kukaa

Daktari Waithera alikuwa amewang'oa meno watu wa Hurlingham kwa miaka mingi, na kwa hesabu yake hapakuwa na kitu kigumu kilichowahi kumshinda mkononi. Halafu akakutana na silinda hedi ya Peugeot 404.

Gari lenyewe alilinunua mwaka 2003 kwa mkulima mmoja wa Limuru, kuku wakiwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Tangu hapo wikendi zake ziliishia gerejini, nyuma ya nyumba yao Spring Valley. Injini aliifungua mwenyewe, akaweka pistoni mpya na slivu mpya, yaani yale mabomba manne ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ilibaki kuifunika tu kwa hedi.

Jumamosi moja, aliporudi kutoka semina ya Nakuru, akaikumbatia hedi, akaishusha juu ya bloki ya injini polepole kama anayelaza mtoto. Ikakaa upande. Akibonyeza kona hii, ile inainuka. Akibonyeza ile, hii inainuka.

"Imekaaje, Mama Ken?" mumewe, Muthama, akauliza kutoka mlangoni.

"Kama mgonjwa anayekataa kufunga mdomo."

Muthama akaguna, akamwekea kikombe cha chai juu ya sanduku la spana, akaondoka haraka. Mwanamume huyo hakuwahi kumletea chai gerejini hata siku moja. Waithera angeshuku hapo hapo, ila akili yake yote ilikuwa kwenye hedi.

Wa kwanza kushtakiwa akawa Abdalla, mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road.

"Abdalla, umeniuzia gasketi ya gari au ya trekta?"

Abdalla, mtu wa Lamu aliyeishi katikati ya makelele ya mjini bila kuinua sauti yake, akaiinua gasketi ile nyembamba ya kuwekwa kati ya hedi na bloki, akaitazama kwenye mwanga. "Ni ya 404 hii, daktari. Matundu yote yapo mahali pake. Lakini ukitaka nyingine, chukua. Mteja mwenye hasira mimi simbishii."

Akachukua nyingine. Hedi ikayumba vile vile. Akampelekea hedi fundi aliyeisawazisha uso, akamfokea mbele ya wateja wake. Fundi akaweka rula ya chuma juu yake, akamwonyesha: hata uzi usingepita. Waithera akarudi nyumbani, akaondoa gasketi kabisa, akaiweka hedi tupu juu ya bloki. Ikayumba. Hapo akaelewa kwamba amewatukana watu wawili bure, na akawa na hasira zaidi.

Jumatatu, kliniki, mzee mmoja alilalamika kwamba jino lake la bandia lilikuwa refu. Waithera akamwekea kati ya meno ile karatasi ya rangi ya buluu, akamwambia aume. Mzee alipofungua mdomo, doa la buluu lilikuwa juu ya jino lenye kosa. Waithera akalitazama, akalitazama tena.

"Ndiyo hii!" akasema kwa nguvu.

"Aah?" mzee akajibu, mdomo wazi, macho yamemtoka.

Jioni ile akatandika karatasi za buluu juu ya bloki, akashusha hedi, akaiinua. Slivu tatu zilikuwa safi. Ya kwanza ilikuwa na duara la buluu limekolea. Akapitisha ukucha pale: slivu ilikuwa imeinuka juu ya wenzake. Na yeye alizipima zote siku alipoziweka, zilikuwa sawa! Katika injini hii slivu hushikiliwa na hedi tu. Hedi ikiwa imetolewa, mtu akiizungusha injini, pistoni ikipanda huibeba slivu. Lakini nani aliizungusha?

Usiku huo yeye na Muthama walikuwa mezani alipoingia Lazarus, rafiki wa Muthama, akajivutia kiti na kuchukua chapati.

"Shemeji, lile gari lako ni zito! Wanaume sita tulitoka jasho."

Muthama akapaliwa na mchuzi.

"Mlilisukuma lini?" Waithera akauliza kwa upole, upole ule wa kabla ya sindano.

"Ulipokuwa Nakuru. Siku ya mbuzi! Mvua ilitukuta, tukaona choma ihamie gerejini. Tukalitoa, baadaye tukalirudisha. Likawa linalia chii, chii."

"Na gia hamkutoa?"

Lazarus akamtazama Muthama. Muthama akalitazama bakuli.

"Gia tuliitafuta pale chini kati ya viti," akasema Muthama hatimaye. "Haikuwepo. Tukasema labda Wafaransa hawakuweka."

"Iko kwenye usukani, Baba Ken! Na nililiacha gia ya kwanza! Kila mliposukuma, injini ilizunguka!"

Kesho yake alimpeleka mumewe dukani kwa Abdalla, akamsimamisha mbele ya kaunta, akaomba radhi kwa niaba yao wote wawili. Abdalla aliposikia habari ya gia, alilazimika kwenda kusimama nyuma ya rafu hadi mabega yakatulia. Kwa fundi nako wakaenda, na kule kicheko hakikujificha.

Slivu ikatolewa, ikawekewa mpira mpya chini, ikarudishwa. Muthama alishika taa, akapitisha spana, hakuuliza swali. Safari hii hedi ikashuka ikatulia tuli, na boliti zikakazika moja baada ya nyingine bila ubishi.

Gari likawaka Jumapili baada ya ibada. Waithera akaliendesha kwa Waiyaki Way hadi Kangemi, Muthama akiwa kando yake, kioo chini, kiwiko nje. Sokoni walipopunguza mwendo, mtu mmoja akasimama kulishangaa.

"Mzee, hiyo mashine nani amekutengenezea?"

"Ndugu yangu, wacha tu," Muthama akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Hiyo hedi imetutesa!"

Waithera akabadilisha gia kwenye usukani, taratibu kabisa, ili mumewe aone vizuri inavyofanywa.