Mizizi Iliyobaki Katikati

Tangu kiharusi kimwangushe Adalbert, mwalimu mstaafu wa hesabu, watu wa Ndosho waliacha kuzungumza naye wakaanza kuzungumza juu yake, naye yupo pale pale kitini. "Muzee analala muzuri?" walimwuliza mkewe, Philomène. Mke naye alikuwa ameanza kufanya vivyo hivyo, na kila alipojikuta akifanya hivyo aliona haya.

Dorine peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Prof, maana mzee alimfundisha zamani. Sasa alikuwa anamaliza mémoire yake, tasnifu ya kuhitimu chuo, na kila Jumamosi alikuja kumsomea kurasa mpya. Philomène alisikiliza huku akichambua maharagi. Mengi yalimpita, ila moja alilishika kwa kulisikia mara nyingi: kuna duara, na kwenye ukingo wake umetandazwa uzito. Uzito huo huzaa polinomi moja baada ya nyingine, kila moja ya daraja la juu zaidi, na mizizi yake yote hukaa ndani ya duara. Dorine alikuwa amethibitisha kwamba kadiri daraja linavyopanda, mizizi huusogelea ukingo, uzito uwe wowote ule.

"Hii njo mwisho, Prof," alisema Jumamosi ya nne. "Lundi, kesho kutwa, naipeleka chuoni."

Adalbert akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akauingiza kwenye sinia la mkewe. Maharagi mengine yakamwagika sakafuni.

"Papa, unafanya nini?" Philomène akamshika kifundo cha mkono.

"Umuache, Mama," Dorine akasema taratibu.

Mkono ukaendelea. Uliyakokota maharagi kutoka ukingoni, machache machache, hadi yaliyobaki yote yakawa fungu moja katikati ya sinia. Jasho lilimtoka mzee.

"Uzito," akasema. "Sawasawa. Fasi yote."

Dorine akaliinamia lile fungu.

"Kama uzito iko sawasawa fasi yote ya ukingo," akasema kama anayejisomea, "polinomi ni herufi zed tupu, mara zed, mara zed. Mizizi yote iko kwa zero, pale katikati."

"Haiendi," Adalbert akasema. "Haiendi ku ukingo."

Miezi minane ya kazi. Dorine alijifunika uso kwa kitenge, na Philomène akampa chai. Lakini kabla kikombe hakijaisha binti alikuwa anaandika nyuma ya karatasi. Hoja haikufa, ilidai sharti juu ya uzito. Aliuliza, mzee akajibu ndiyo au hapana, viazi vya Kibumba vikapoa mezani bila mtu kuvigusa. Alasiri ile Philomène alisikia maneno mengi kutoka kwa mumewe kuliko miezi miwili yote iliyotangulia.

Mémoire ilipelekwa wiki mbili baadaye, na sharti lake ndani. Siku Dorine alipoitetea akashinda, alipita nyumbani kwa wazee hao moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya kiti, akampa Prof mkono kwa mikono miwili.

Alipoondoka, Philomène alikaa karibu na mumewe.

"Ile kosa, uliiona siku gani?"

Alingoja. Sasa alikuwa amejifunza kungoja.

"Samedi ya kwanza," Adalbert akasema. Jumamosi tatu kabla ya ile ya maharagi.

"Na ukanyamaza, Papa?"

"Nilikuwa natafuta neno."

Philomène alikisogeza kiti chake mpaka mabega yao yakagusana, akamwuliza habari ya duara, na safari hii akamwachia muda wote aliouhitaji.