Jiwe la Mwisho la Tinga

Mtaani walimwita Daktari wa Mawe, na si kwa heshima tupu. Akipita tu, fundi cherehani wa nyumba ya pili anaachia mashine yake na kupaza sauti: "Daktari, jiwe langu la kusugulia miguu linakohoa tangu juzi! Nilipe dawa gani?" Kibaraza kizima kinaangua kicheko, naye hucheka nao, maana kueleza kazi yake kulishamshinda. Utamwambiaje mtu kwamba unalipwa mshahara kutazama brayozoa, vidudu vya baharini vilivyogeuka mawe kabla binadamu hajawaza kuzaliwa? Vidogo hivyo, punje ya mchele ni jitu mbele yao, na vilijenga vyumba vya chokaa vikabanana humo kama wapangaji, ukuta kwa ukuta, kila kimoja na mlango wake. Kazi yake ni kuvitambua: hiki ni spishi gani, kile ni cha ukoo upi. Basi.

Aliyemwelewa alikuwa kaka yake. Huyo aliendesha tingatinga kwenye machimbo ya chokaa, na mtaa ukampa jina la Tinga, likamganda. Hakukosa kurudi na mawe mfukoni. "Dada yangu mdogo, nimekuletea wapangaji wako," atasema, "na kodi hawajalipa." Katika mawe hayo Daktari aliona vipande vya vijitawi vya namna mbili. Vya kwanza kila mtaalamu anavijua: kuta nyembamba, milango wazi. Vya pili hakuwahi kuviona popote: kuta nene, na milango yote imezibwa kwa vifuniko vya chokaa. Spishi mpya.

Kisha ukingo wa machimbo ukabomoka, tingatinga likaenda chini na dereva wake. Ndani ya bakuli lake la chakula walikuta jiwe moja limeviringishwa kwenye leso: kijitawi kizima, kirefu kama kidole, nusu yake ya wazi ina kuta nene na vifuniko, nusu imefunikwa na tope gumu.

Hapo Daktari akaamua kwamba spishi ile mpya itaitwa kwa jina la Tinga. Akamwambia mama yake, na ukimwambia yule mama umeitangazia dunia. Alikuwa mtu wa watu. Sebule yake haikujua kiti kitupu.

"Mwanangu anaandikwa kwenye vitabu," alimwambia kila aliyeingia, hata muuza mkaa. "Watamsoma hadi ng'ambo."

"Kwa hiyo Tinga sasa ni mdudu?" fundi cherehani akachokoza.

"Mdudu wa kisayansi! Wewe je, hata nzi, nani amempa jina lako?"

Watu wakavunjika mbavu, na mama mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Makala ikapelekwa kwenye jarida la wanasayansi. Wataalamu wa mbali waliopewa kuikagua waliisifu, ila wakaomba kitu kimoja: akate kijitawi kizima, aonyeshe vyumba kwa ndani. Na kizima kilikuwa kile kimoja tu.

Mwanafunzi yeyote wa kazi ile anajua kwamba sura ya nje haitoshi. Daktari mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengine: usimpe mdudu jina kabla hujamkata. Lakini jiwe lile aliliweka kwenye droo na leso yake, na kila aliposogea kwenye msumeno alilirudisha. Spishi nzima aliipima kwa nje, kwa sababu ya jiwe moja.

"Dada, jiwe ni jiwe," mkuu wake wa kazi alimwambia. "Kata."

"Nitakata kesho, bosi."

"Hiyo kesho yako tunaisikia tangu mvua zianze."

Akakata, kwa urefu. Nusu moja ilimomonyoka chini ya msumeno. Nyingine akaibandika kwenye kioo, akaisaga juu ya unga wa msasa uliolowa hadi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, mwanga ukapenya. Akainamia hadubini.

Upande mmoja, ule uliofichwa na tope, kuta zilikuwa nyembamba, milango wazi. Upande wa pili kuta nene na vifuniko. Katikati hapakuwa na mpaka wowote. Vyumba vilipita moja kwa moja, kizazi kwa kizazi, familia ile ile. Upande mmoja ulikuwa mchanga, mwingine umezeeka. Vilipozeeka vilinenepesha kuta vikajifungia. Alichokiita spishi mpya kilikuwa uzee tu.

Alikaa akitazama ule unga wa msasa. Mizunguko michache zaidi, na kipande chote kingekuwa tope la kuoshwa. Hutokea, hakuna asiyewahi kusaga kipande kikapotelea mkononi. Angesema, "Kimesagika," na mkuu angesema, "Pole," na jina la Tinga lingepita. Akakilaza kipande juu ya unga. Akakizungusha mara moja.

Lakini jina la spishi likishachapishwa halifi. Likiwa la makosa hubaki vitabuni milele, limeandikwa chini ya jina la kweli ili watu wajue nani alikosea na wapi. Siku moja mtu angekata jiwe jingine, na Tinga angebaki humo, kosa la dada yake. Akakiosha kipande, akakikausha kwa leso, akaenda kumwambia mkuu kwamba makala anaiondoa.

Nyumbani alikuta sebule imefurika. Akamvuta mama jikoni.

"Mama, hakuna spishi mpya."

"Imekwenda wapi?"

"Haikuwepo. Ni ile ya zamani, imezeeka. Ina jina la mtu mwingine."

Mama alipanga vikombe kwenye sinia, akavipangua, akavipanga tena. "Huyo mwingine ana mama?"

"Alikufa zamani sana, mama."

"Basi wote wamekufa. Si wangeachiana?"

Mama akabeba sinia.

"Afadhali umekuja," fundi cherehani akamdaka mama mlangoni. "Shangazi yangu ametoka mbali, hajasikia. Hebu mpe ile ya Tinga na mawe!"

Mama akamimina chai, kikombe baada ya kikombe. "Shangazi," akasema, "nasikia jino lilikusumbua njiani. Limetulia?"

Fundi cherehani akamgeukia Daktari, utani umeshafika mdomoni. Akamtazama usoni, akaumeza.

"Kunyweni," mama akasema. "Inapoa."